Bata wa taulo

Debra nimepasua mtu kichwa. Na mwiko ya ugali!!

Yule Jyoti wa Westlands, abiria anapanda kila mwaka ile meli ya watalii bwanangu Maina hutandika vitanda, ati "ni rafiki tu". Nimetoka job nikampata bedroom YANGU. Ameinama, amenipa mgongo, anapanga taulo kwa kitanda yangu!

Sikuuliza. Nilirudi jikoni nikachukua mwiko. Nikapiga, nikapiga, damu mpaka kwa ukuta.

Maina akaingia na soda, akapiga nduru: "Kui! Huyo ni shosho, bibi kizee!"

Kumbe kwa meli Maina akimtandikia humkunjia taulo inakaa bata. Leo Jyoti alitaka kutukunjia sisi.

Tuko kwa teksi, tunampeleka hospitali. Amenishika mkono, ananiuliza polepole: "Wewe ndio Kui? Maina husema wewe ni mpole sana."