Nyekundu ni Kuhifadhi

Shoga, nimefeli. Usinipigie, kaka yuko hapa hapa.

Unakumbuka alivyonibadilishia vitufe kwenye ile programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta, kwa sababu Kiingereza cha menyu kinanishinda? Kitufe kimoja, kazi moja. Akavipaka rangi yangu ya kucha: nyekundu kuhifadhi, bluu kurudi nyuma.

Leo kwenye majaribio ya kazi nimepewa kompyuta ya ofisi. Haina rangi hata moja, wala vitufe vyake havijabadilishwa kama vya kaka. Nikawa nabonyeza pale pale penye nyekundu yetu, nikijua nahifadhi. Msimamizi akafunga, akafungua tena. Ukurasa mweupe.

Mweupe, shoga. Kazi ya asubuhi nzima.

Akaniuliza polepole, "Binti, nani amekufundisha hivi?" Bora angenifokea. Ningemtajaje kaka? Nikasema nimejifunza mwenyewe.

Kaka alikuwa ananisubiri getini. "Enhe, mdogo wangu, rangi zimekuokoa?"

Nikasema zimeniokoa.

Sasa amekaa sakafuni na kichupa changu, ulimi nje kama mtoto, anapaka kitufe cha tatu. Anasema nikianza kazi Jumatatu nisihangaike.