Kifuniko cha Darubini

Wee, uko hapo? Usinipigie, nimejibanza bandani na wazee wamekaa hapo nje.

Unalikumbuka banda la baba la useremala, lile nililoling'oa paa nikalitia paa hilo magurudumu ili lisukumike pembeni? Leo ndiyo tumelizindua. Mzee wa watu kakubali randa na misumeno yake ilale chini ya kitanda, ili mimi nipate pa kuweka darubini!

Jua lilipozama nikasukuma paa, nikalenga sayari ya Zohali kwa kile kijidarubini cha kulengea kilicho pembeni. Nikamwambia, "Baba, wewe kwanza."

Akainama. Kisha akasema, "Naiona, mwanangu. Nzuri sana. Inang'aa."

Inang'aa! Machozi yakanilengalenga kwa furaha.

Nikainama mimi. Giza tupu.

KIFUNIKO, ndugu yangu! Sikukitoa kifuniko cha mbele! Mzee alikuwa anatazama kifuniko na kunisifu!

Nikakichomoa kimyakimya, nikakitia mfukoni. "Baba, hebu tazama tena kidogo." Akakataa. "Nimeshiba, mwanangu. Mwite mama yako naye aone."

Na mama unamjua, hajui kunong'ona. Alipotia jicho tu akapiga ukelele, "Lo! Mbona ina pete!"

Baba alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye kiti chake. Nikamsikia anauliza taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Ina pete?"

Kifuniko bado kiko mfukoni. Sina uso wa kutoka nje.