Kiti Kimoja Karakana Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Naandika maana nikisema watu wanajibu. Leo binti yangu kanijibu mbele ya mafundi! Nimeingia karakana nikamkuta kakaa. Kakaa! Kwenye karakana yangu kiti cha kukalia ni kimoja, changu. Fundi huranda amesimama, hupiga msasa amesimama. Nikamwambia inuka. Eti, Baba, tunatengeneza viti mchana kutwa halafu hatuna pa kuweka makalio, si kichekesho hicho? Mafundi wakainamia randa zao, mabega yanacheka.
Nikasema anayetaka kukaa akakae kwake.

Jumanne, 5 Machi
Hakuja. Haina neno. Mimi nilianza na msumeno wa kuazima — leo nusu ya mji huu inakalia jasho langu! Nani alinifundisha? Shida.
Nililelewa kwa baba mkubwa. Watoto wake walikula vitini, mimi sakafuni mlangoni, karibu na viatu. Siku moja mmoja wao anaumwa, kiti chake kitupu. Nikakaa. Baba mkubwa hakunipiga. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akakiinua mimi nikiwa juu, akanimwaga kama maji machafu. Wakacheka. Naye akaendelea kula.
Pale chini nikaapa. Nitatengeneza kiti changu, na mwingine hatakikalia. Wasomi wanasema biashara ni mtaji. Mtaji wangu ni kile kicheko. Habari hii anaijua mama watoto tu.

Alhamisi, 7 Machi
Binti yangu kakodi chumba ng'ambo ya barabara! Kile cha kinyozi, macho kwa macho na mimi. Na fundi wangu wa vanishi, Sindano, kamfuata. Nikamuuliza, kakupa nini huyo? Akasema, kigoda, mzee. Kigoda tu! Mtu mzima ananiacha kwa kigoda.
Mama watoto anasema, huyo ni wewe mtupu kwenye gauni, unashangaa nini? Halafu akasema, anafungua karakana yake Jumamosi. Usipokwenda usimhesabu tena kuwa wako.
Nikasema chai imepoa. Haikupoa.

Ijumaa, 8 Machi
Naona kila kitu kutoka kitini kwangu. Mwalimu mkuu, mteja wangu tangu ana nywele, kavuka barabara akijificha nyuma ya mwavuli. Mvua hakuna! Aende. Mimi siogopi mtu.
Leo nimekata ubao mfupi. Mara mbili. Ubao ule ulikuwa mbaya.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda. Nilisema naenda kutafuta gundi, kumbe mama watoto katangulia zamani! Chumba kimejaa. Sakafu inang'aa vanishi mpya, watu wamevua viatu mlangoni. Wote wamekaa. Sindano kwenye kigoda chake kama sultani. Mimi peke yangu nimesimama mlangoni — pale penye viatu.
Binti yangu kaja na kiti. Nimekikagua. Maungio ni yangu, yasiyo na msumari, nilimfundisha mimi. Lakini mgongo kaulaza kidogo. Sikuwahi kuwaza hilo. Kizuri, mwanaharamu!
Karibu ukae, Baba.
Sijachoka.
Najua hujachoka. Kaa.
Akaushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, kisiteleze. Mikono miwili! Sikukaa. Watu wananitazama, hata Sindano.
Nimechomoa kalamu ya sikioni, naandika nyuma ya karatasi ya msasa, wadhani napima chumba. Bado kakishika. Mwalimu mkuu anakohoa bila kikohozi. Nikigeuka sasa, sitavuka tena barabara hii, najijua.
Kaniinamia, anasema polepole nisikie mimi tu: Sikiinui, Baba.
Nani kamwambia! Mama watoto anatazama chai yake.
Mikono ya binti yangu ina vumbi la mbao kama yangu. Haijakiachia kiti. Basi, kalamu irudi sikioni, nikae —