Kinkubala ya pa kola

Baba Syntiche,

Bukari iko pa meza, sombe iko mu frigo. Utapasha moto mwenyewe.

Asubui, mbele ya kupiga koti yako pasi, nilikuta mududu pa kola: kinkubala, kiwavi ya kijani, yenye mapembe mekundu. Sijaonaka ya vile. Nilionyesha Mama Chilufya, mwenye kuuzishaka binkubala ku soko. Anasema inakulaka majani ya muti wa muputu tu.

Mi najua muputu moja tu: mu parcelle, kiwanja ya Wivine, kule Kipushi, bibi yako wa zamani uliyeniambia mulishaachana. Na jumamosi, ulipovaa koti hii, ulisema uko ku bureau, ku kazi.

~~Nitakungojea tuongee.~~ Ninaenda kule na kinkubala mu bokali, mu chupa. Usinipigie simu. Nikikuta zingine za mapembe mekundu pa muti wake, mi ndiye nitakupigia, kwa simu ya Wivine.

Mama Syntiche