Alhamisi za Mama Phelister Kageha

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumapili ile ulipokaa kwenye kiti cha jikoni upumzike kidogo, na hukuinuka tena. Mboga ulikuwa umeshazichambua. Saga ilikuwa ndani ya karai, mrenda umefunikwa kwa gazeti, na wateja wako wa Mbotela walipokuja kesho yake asubuhi walikuta viti vimepangwa nje na watu wamekaa kimya. Bado hatujazoea.

Ulikuwa mbishi wa kimya. Mtu angebishana nawe mpaka koo limkauke, nawe unachambua majani tu, na mwishowe unafanya lile ulilokusudia tangu asubuhi. Baba Andati anasema katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kukushinda hata mara moja, na mpaka leo hajui ulikuwa unamshindaje.

Tunataka kusema habari ya Alhamisi zako, kwa sababu watu waliisikia nusu, nasi tulio nyumbani tuliisikia nusu vilevile. Aliyeijua yote ni binti yako Ayuma, naye alikaa nayo kifuani mwaka mzima.

Chama cha akina mama kanisani kwetu hukutana Alhamisi saa tisa. Ayuma alikuwa katibu, na rejista ilikuwa mkononi mwake. Miezi minne ya mwisho ya maisha yako aliita jina lako kila wiki, na hakuna aliyeitika. Ulipoulizwa udhuru ulijibu neno moja tu, kwamba umeitwa. Sasa Mama, wewe uliyekaa katika chama kile miaka ishirini ulijua vizuri neno hilo linavyosikika pale. Mwanamke akisema ameitwa, maana yake ni moja: amepata nabii mpya na anatuaga kwa adabu. Hazikupita wiki mbili wakasema umeonekana mtaa wa Tena, kwenye hema la mtu anayeombea watu Alhamisi mchana. Mwenye kukuona hakupatikana, lakini habari ilishafika kila mlango.

Kanuni inajulikana. Asiyefika Alhamisi kumi mfululizo bila udhuru hurudisha sare, na asiye na sare hazikwi nayo. Barua yako ilitiwa sahihi na Ayuma, kwa kuwa ndiye katibu, na aliileta mwenyewe. Uliisoma, ukaikunja, ukaipiga pasi sare yako ya buluu na kumkabidhi. Kisha ukamuuliza kama amekula. Alikuomba umwambie tu ulikokuwa ukienda, apate kuikomesha aibu ile. Ukamwambia siri si yako. Wiki mbili baadaye ulikuwa umetutoka.

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya kukusafirisha kwenda Vihiga, kamati ya chama ilikaa chini ya turubai letu. Kesho yake asubuhi ungevishwa, na swali lilikuwa ni nguo gani. Baba Andati alikuwa ameketi pembeni, uso umemkauka. Alitaka jambo moja tu, uzikwe na sare uliyoivaa miaka ishirini. Mwenyekiti, Mama Triza, hakuwa adui yako, tuseme ukweli. Alilia kuliko wengine. Lakini alisema kanuni ikivunjwa kwa ajili ya mama wa katibu, kesho itavunjwa kwa nani?

Hapo ndipo alipoingia kijana mmoja aliyevaa kanzu, anauliza kwa Mama Ayuma ni wapi. Alipoona picha yako mezani akasimama alipokuwa. Alisema anaitwa Nuradin, ametoka Eastleigh, na amekuja kwa sababu hukufika na simu yako haipatikani.

Mama Triza akamuuliza ulikuwa ukifika kwao kufanya nini.

"Kila Alhamisi alikuwa kwetu," Nuradin akasema. "Alichokuwa anafanya siwezi kusema, mama. Mamangu amenikataza."

"Alikuwa akienda kuombewa? Au ni kazi ya kulipwa?"

"Hapana. Si hiyo wala si hiyo."

Kamati ikatazamana. Kwa baadhi yao mambo yalizidi kuharibika badala ya kutengenezeka. Ayuma akafunga rejista, akajifunga leso kiunoni na kumwambia kijana watangulie. Akamwomba Mama Triza amngoje mpaka dakika ya mwisho.

Huko Eastleigh, orofa ya tatu, alimkuta mama aliyelala nyuma ya pazia, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Alimjua sura. Ni Khadro, yule aliyekuwa akikuuzia kitambaa cha sare za chama, wewe ukienda kwake peke yako kwa sababu ulisema wengine hawajui kuangalia rangi. Alikuwa amepooza. Mungu alimpa wana wa kiume watupu, na asingekubali kuoshwa na wanawe. Msichana wa kwanza aliyeajiriwa alikwenda akasimulia sokoni yote aliyoyaona kitandani, mpaka wateja wa Khadro wakawa wanamwuliza mwanawe habari zake huku wamefunika midomo. Tangu siku hiyo hakutaka mtu. Ulipokwenda kununua kitambaa ukaambiwa anaumwa, ulipanda ngazi kumsalimia, na huko ndiko ulikoitwa. Alitaka kuoga Alhamisi mchana ili Ijumaa imkute safi. Wewe hukuomba akubadilishie siku.

Nyuma ya mlango Ayuma aliona dera lako kuukuu la bustani, lile tulilodhani limeibwa kwenye kamba.

Khadro alipoambiwa umefariki alisema Inna lillahi, akageukia ukuta. Alipogeuka alimshika Ayuma mkono kwa ule wake mmoja wenye nguvu.

"Mama yako alinisitiri," akasema. "Na wewe nisitiri. Usiwaambie."

Jua lilikuwa linashuka na Ijumaa ilikuwa inakaribia. Ayuma alijua wanaomngoja Mbotela wanamngoja, na alijua pia kwamba mwanamke huyu hajaogeshwa tangu wiki iliyopita. Mikono yake haikutaka. Ametuambia sasa, bila kuficha, kwamba alitaka kukimbia ngazi zile tatu tatu. Akalivaa dera lako, akaomba maji ya moto.

Aliporudi, Mama Triza bado yuko chini ya turubai, ufunguo wa kabati la sare mapajani. Baba akainuka kwenye kiti. Sote tulimtazama Ayuma mdomoni. Sentensi moja tu ingetosha. Angesema nimemkuta mgonjwa aliyepooza, mama alikuwa akimwosha, na kabati lingefunguliwa papo hapo na akina mama wangeimba mpaka Vihiga.

"Mama alikuwa ameitwa kweli," Ayuma akasema. "Zaidi ya hapo sina."

Mama Triza alimsubiri kidogo. Kisha akautia ufunguo kwenye mkoba, polepole, akitazama chini.

Ulizikwa na gauni lako la manjano. Baba hakumsemesha Ayuma siku arobaini na zaidi. Alisema binti huyu amemfukuza mama yake mara mbili, mara ya kwanza kwa kalamu, mara ya pili kwa kunyamaza. Kegode, kitinda mimba wako, naye alimwambia maneno ambayo ametuomba tusiyaandike. Ayuma alikubali yote. Alijiuzulu ukatibu, na kila Alhamisi saa nane akawa anaaga, hasemi anakwenda wapi. Tukiuliza, anachambua mboga. Tulikasirika zaidi, kwa kuwa tulikuwa tumeshayaona hayo kwa mtu mwingine.

Chama kilimvumilia kwa sababu ya msiba. Mwezi uliopita uvumilivu ukaisha, na barua ikaja, ileile, imebadilishwa jina tu. Alhamisi hiyo Ayuma alipanda ngazi za Eastleigh akiwa na sare yake ndani ya mfuko wa karatasi, akikusudia kuipitisha kanisani jioni. Khadro akaona pindo la buluu. Hakuna anayekijua kitambaa kile kumzidi. Akaomba akishike, akauliza kinapelekwa wapi, na Ayuma hakuweza kumdanganya. Ikabidi amweleze pia habari ya gauni la manjano, maana mwaka mzima hakuwa amemwambia.

Khadro alikasirika, Mama. Ayuma anasema hajawahi kumwona vile. Alimwita Nuradin aje asikie.

"Mmoja amezikwa bila nguo yake kwa ajili yangu, nami sikujua," akasema. "Wa pili hapana. Andikeni jina langu. Andikeni ugonjwa wangu na kazi aliyonifanyia. Sitara ni yangu, natoa mimi mwenyewe. Hakuna aliyeichukua."

Ayuma alimwomba afikirie kwanza. Akamjibu kwamba amelala hapo mwaka na zaidi, kazi yake ni kufikiri tu.

Basi tumeandika, na ulimi wetu ni mzito. Baba Andati alisomewa haya kabla hayajatoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia Ayuma asogeze kiti karibu naye. Mama Triza na kamati watayasoma hapa kama watu wengine. Hatuwadai kitu. Kaburi lako limeshamea nyasi na hatutalifukua kwa ajili ya nguo. Tunakuomba wewe radhi, Mama, kwa sababu ulipotuambia umeitwa, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba aliyekuita ni Mungu yuleyule tunayemwimbia.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumamosi, nyumbani Mbotela. Wengine walipendekeza Alhamisi, lakini Alhamisi Ayuma hapatikani.

Wanaokukumbuka ni mume wako Andati, watoto wako Ayuma na Kegode, wajukuu wako watatu, dada zako wa Vihiga, na Khadro wa Eastleigh. Tulipomwuliza tumwandike rafiki au jirani, alikataa yote mawili, akasema tuandike kwamba yeye ni ndugu yako, na kwamba Ijumaa zote hizi amezipokea akiwa safi.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazopewa.