Baba Amepata Daraja la Juu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Yule mdogo kikohozi kimepoa? Mimi mwili mzima, ila moyo umeniishia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia tu.

Unaijua kazi yangu ya maabara. Tunamulika vipande vya nyama ya wagonjwa. Mwanga ukirudi, mashine inachora mstari, na mstari huo unaonyesha kama tezi dume ina saratani, na ya daraja gani. La kwanza ni la upole, la tano ndilo kali kuliko yote. Mashine bado iko kwenye majaribio, kwa hiyo daktari anahakikisha kila jibu kwa darubini.

Safari hii kipande kilikuwa cha baba. Mstari ulipotokea nilifuta kioo, nikarudia, nikarudia tena. Daktari akachungulia darubini yake, akavua miwani, akanipa pole. Daraja la tano. Alisema haijasambaa, lakini matibabu yaanze sasa hivi, tukichelewa itatuponyoka.

Nikaomba nimwambie baba mwenyewe. Nilimkuta kavaa shati lililopigwa pasi, anasubiri matokeo. Nikashindwa kulitaja neno saratani, nikatamka kama tunavyosema maabara, kwamba amepata daraja la juu kabisa. Na baba, dada, amesahihisha mitihani maisha yake yote! Akanikumbatia, akasema alijua tu hawezi kufeli na mvi zote hizi. Kabla sijakaa, majirani walishapewa habari.

Sasa hataki kurudi hospitali. Anauliza ni nani aliyewahi kufaulu akarudia mtihani. Daktari alipompigia simu kumweleza, baba alimjibu kwamba mtaalamu wa mashine ni mwanawe, na ameshamwambia yote.

Nikufiche nini? Pale aliponikumbatia aliniuliza mara ya pili kama kweli amefaulu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamtazama alivyofurahi, nikasema ndiyo, baba. Tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo naangua kilio, naye anadhani nalia kwa furaha.

Njoo, dada, nakusihi. Wewe hajawahi kukukatalia neno. Acha kila kitu uje, mimi nimeshindwa.

Wabusu watoto. Baba anakusalimu sana, na ameniagiza nisisahau kukuandikia kwamba amefaulu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba