Mistari Minne ya Waranti

Nyegezi, Mwanza
14 Februari 1993

Mwanangu Rebeka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo Josephat na mjukuu wangu Odeta. Huku hatujambo, isipokuwa mimi na jicho, ambalo nitalieleza mbele.

Kwanza kazi. Umesikia redioni habari za kupunguza wafanyakazi. Basi wamefika hadi ofisi ya vifurushi. Miaka ishirini na saba nimepokea, nimepima na kuandika lebo pale stesheni, na Ijumaa nimekabidhi funguo kwa Masalu, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe. Wakubwa wamenipa mkono, baiskeli na waranti.

Waranti ndiyo sababu ya barua. Ni karatasi ya kijani ya kusafiri bure kwa treni, kwenda na kurudi, mara moja tu. Ina mistari minne. Kwenye kila mstari unaandika stesheni moja ya kushuka, na hapo unaweza kukaa siku mbili au wiki mbili, ni hiari yako. Itakufa tarehe 30 Septemba.

Mwanangu, nimeandika majina ya miji ya nchi hii mara nyingi kuliko jina langu, na sijawahi kuvuka Shinyanga. Tabora naijua kwa asali iliyovuja kwenye madebe ikagandisha daftari langu. Kigoma naijua kwa dagaa waliotufanya tule chakula cha mchana nje. Dodoma ni zabibu zinazofika zimeshaanza kuwa divai. Morogoro ni machungwa. Miji yenyewe sijaiona hata mmoja.

Sasa jicho. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limeshafunga ukungu na halitarudi. La kulia anasema litafika mwisho wa mwaka, labda. Hiyo labda aliisema mara mbili.

Kwa hiyo nataka kuiona nchi kabla halijafunga. Wewe ni mwalimu wa jiografia. Nisaidie kuchagua minne.

Ni mimi baba yako,
Maige

—

Morogoro
9 Machi 1993

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Odeta ana mafua kidogo lakini hayamzuii kupiga kelele. Pole sana kwa kazi, na pole zaidi kwa jicho. Niliposoma hiyo labda nilikaa chini. Kunywa dawa zako, na usiniambie umezisahau kwa sababu ya kuongea.

Orodha yako ni hii. Tabora, ukaile asali ikiwa bado ndani ya chombo chake. Kigoma, uone ziwa lisilo letu, uache kusema ziwa ni moja. Dodoma, siku mbili zinatosha. Halafu Morogoro, ukae mpaka tukuchoke. Nyumba yetu inatazama milima ya Uluguru, asubuhi mawingu yanaikalia mabegani. Mjukuu wako ana miaka mitatu na hujawahi kumwona. Bahari ya Dar es Salaam tutaenda pamoja kwa basi kutoka hapa.

Andika leo, kwa wino. Ondoka kabla ya Pasaka, tafadhali.

Mwanao,
Rebeka

—

Nyegezi
2 Mei 1993

Mwanangu Rebeka,

Salamu nyingi. Natumaini mafua ya Odeta yamepona. Mimi ni mzima, jicho ni lilelile.

Sikuondoka kabla ya Pasaka. Nilikwenda Misungwi kumuaga baba yako mkubwa Ngosha, maana mtu hawezi kuvuka Shinyanga bila kaka yake kujua. Nilikwenda kulala usiku mmoja, nikalala kumi na tisa. Ngosha aliita ndugu wote waje wanione kabla sijasafiri, na kila aliyekuja alitaka kuiona waranti. Imeshikwa na mikono mingi mpaka rangi ya kijani imepauka.

Tatizo ni Malampaka. Dada yako Malimi, binti yake Ngosha, ameolewa pale, na treni inapita mbele ya nyumba ya wakwe zetu. Ngosha anasema nikipita na kichwa changu dirishani bila kushuka, wakwe wataona tumewadharau, na Malimi ndiye atakayeulizwa. Nilimwambia mistari ni minne. Akasema, "Sasa mmoja tu wa wakwe unakushinda?"

Kisha shangazi yangu Rozina wa Shinyanga, aliyenilea, amesikia. Ametuma neno kwamba kama nina nafasi ya kuwaona wanyama wa Kigoma kabla yake, nisihangaike kwenda kumzika. Sikumbuki kusema habari za wanyama.

Je, Kigoma ni lazima?

Baba yako,
Maige

—

Morogoro
20 Mei 1993

Baba, shikamoo.

Huku tuko salama.

Nitasema wazi kwa sababu nimechoka kusema kwa upole. Waranti ni yako. Hawakumpa baba mkubwa Ngosha, wala shangazi Rozina, wala wakwe wa Malampaka. Hao wote wana macho. Wakitaka kukuona watapanda basi waje Nyegezi wakukute umekaa.

Ulisema unataka kuona nchi. Shinyanga umeshaiona. Malampaka ni mwendo wa nusu siku kutoka mlangoni kwako, ungeweza kwenda mwaka wowote kati ya hiyo ishirini na saba. Sasa ni Mei. Nimeona pia kwamba mistari ya barua yako inapanda juu upande wa kulia. Zamani ungeweza kuweka rula chini ya mwandiko wako.

Toa Kigoma kama inabidi. Mpe baba mkubwa Malampaka yake kama huwezi kumkatalia, ingawa unaweza. Lakini anza kwa kuandika Morogoro, kabla mtu mwingine hajabisha hodi.

Odeta anauliza babu anakuja na treni ya rangi gani. Nimjibu nini?

Mwanao,
Rebeka

—

Nyegezi
11 Julai 1993

Mwanangu Rebeka,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi najikongoja.

Nimejaza waranti jana pale stesheni, kwa wino, mbele ya Masalu. Imepigwa muhuri. Mistari ni hii: Malampaka, kwa wakwe. Shinyanga, kwa shangazi. Tabora, hiyo ni yangu mwenyewe na nilimwambia Ngosha hivyo. Dodoma.

Ngoja nieleze Dodoma kabla hujaikunja barua. Padre aliyemzika mama yako yuko huko siku hizi, anaumwa miguu. Parokia ilisimama baada ya misa ikanitangaza kwamba nitapeleka salamu za waumini wote. Walinipigia makofi. Ningesema nini, Rebeka, makofi yameshapigwa?

Kalamu ilisimama kwenye mstari wa nne muda mrefu mpaka Masalu akaniuliza kama naona vizuri. Nikajiambia: mkwe hataelewa, shangazi hataelewa, padre atanyamaza lakini atakumbuka. Rebeka ni mwanangu, ataelewa.

Baadaye nilipofika nyumbani nikaona nimekosea, lakini muhuri umeshapigwa. Kufuta haiwezekani. Unajua kanuni ya ofisi ile, mimi ndiye niliyeisimamia. Karatasi iliyofutwa haipandi behewani, iwe ya mkurugenzi au ya muuza kuku. Nimewarudisha watu wakilia pale dirishani kwa ajili ya herufi moja.

Panda treni na Odeta mje Dodoma tukutane. Si mbali na kwako.

Baba yako,
Maige

—

Morogoro
30 Julai 1993

Baba, shikamoo.

Nilipoolewa ulituma kifurushi kizuri sana, kamba imekazwa, lebo imenyooka, kwa sababu Masalu alikuwa likizo na hapakuwa na wa kushika ofisi. Nikaelewa. Odeta alipozaliwa kikaja kifurushi kingine. Nikaelewa. Sasa huna ofisi wala zamu, una mistari minne, na umewaandika watu wote isipokuwa mimi, kwa sababu mimi nitaelewa.

Nimeelewa, baba. Hilo ndilo linalonichosha.

Dodoma siwezi kuja, shule zimefunguliwa. Odeta nimemwambia treni ni ya kijani.

Safari njema.

Rebeka

—

Nyegezi
19 Septemba 1993

Mwanangu Rebeka,

Usishtuke, mwandiko huu ni wa Masalu. Natumaini mko wazima. Nimemwagiza aandike kila ninachosema hata kama hakipendi.

Barua yako ya Julai niliikuta niliporudi safarini, nikasomewa mara moja na nikakataa kusomewa tena.

Nilisafiri tarehe 6 Agosti. Nilishuka Malampaka kama ilivyoandikwa. Wakwe walinipokea vizuri mno. Walichinja mbuzi, wakanitembeza mashamba ya pamba na lambo lao jipya, na kila niliposema kesho naondoka walisema mgeni haondoki Jumatatu, haondoki jua likiwa kali, haondoki kabla mjomba hajafika. Nilikaa siku kumi na moja. Mjomba hakufika. Siku ya tisa niliamka nikamuuliza Malimi mbona moshi umejaa nyumbani. Akaniambia hakuna moshi, baba mdogo, hata moto hatujawasha.

Malimi ndiye aliyenirudisha Mwanza. Daktari amesema la kulia nalo limekwisha. Naona mwanga wa dirisha, basi.

Kwa hiyo katika nchi nzima nimeiona Malampaka. Nimekasirika, Rebeka. Mwezi mzima huu nimekasirika, kwanza na Ngosha, halafu na wakwe, halafu na watu waliopiga makofi kanisani. Wote nimewapitia mmoja mmoja mpaka nikafika kwangu, na hapo ndipo nimekwama. Hakuna aliyenishika mkono nilipokuwa naandika. Ningesema hapana mara moja tu, wangenuna wiki mbili, na mimi ningekuwa nimeuona uso wa mjukuu wangu.

Nilikuwa nakuweka mwisho kwa sababu ulikuwa wangu. Niliona wewe huna pa kwenda.

Juzi nilimwambia Masalu anilete kalamu na waranti. Nilimwambia aniwekee kidole kwenye mstari wa kwanza, nami nitaufuta.

(Mzee anasema niandike kwamba nilikataa. Ni kweli, dada, nilikataa. Nilimkumbusha kanuni aliyonifundisha mwenyewe. Akaniambia niweke kidole. Masalu.)

Nimeifuta yote minne kwa mkono wangu. Malampaka, Shinyanga, Tabora, Dodoma. Juu yake nimeandika Morogoro. Masalu anasema nimeandika kwa kuteremka na herufi mbili zimetoka nje ya karatasi. Anasema pia kwamba sasa haifai kusafiria hata mpaka stesheni ya pili, kana kwamba mimi sijui. Mimi sijaifuta ili nisafiri nayo. Nimeifuta uione.

Nakutumia yenyewe ndani ya bahasha hii.

Baba yako,
Maige

—

Morogoro
2 Oktoba 1993

Baba, shikamoo. Kaka Masalu, wewe unayesoma, habari za kazi.

Bahasha imefika jana. Niliifungua darasani, wanafunzi wakafikiri nimepata msiba, ikabidi niwaambie hapana, ni barua kutoka kwa baba yangu. Hasira yangu haijaisha yote, baba, usidhani. Iliyobaki nitakuja kukusemea mwenyewe nikiwa nimekaa karibu. Waranti nimeibandika ukutani, pale unapoanza mlango. Josephat aliuliza kwa nini tunabandika karatasi iliyochafuliwa. Nikamwambia asiiguse.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa. Mimi na Odeta tutafika Mwanza Alhamisi tarehe 21 na treni ya asubuhi, na Jumapili tutarudi watatu. Tiketi yako ninayo, ina stesheni moja tu. Wewe utakaa katikati, Odeta dirishani. Nitakutajia kila ninachokiona, na wewe utatuambia mji ule ulileta nini ofisini kwako. Tabora treni inakaa sana. Tutashuka tutafute asali, uifungue mwenyewe, utuambie kama ndiyo ile iliyoharibu daftari. Hapo umri wangu wote wa kufundisha jiografia hautanisaidia, wewe ndiye mwalimu.

Malampaka tutapita. Nitawapungia wakwe mkono dirishani, na lawama nitaibeba mimi. Shangazi Rozina nitamwandikia.

Odeta bado anaamini treni ni ya kijani. Akikuuliza, usimbishie. Uso wake utaushika kwa mikono, ameshaambiwa, na amesema anakubali kama mikono itakuwa imenawa.

Kaka Masalu, mfungie mzee mizigo Jumamosi, umkazie kamba kama alivyokufundisha. Na nakuomba sana, asiende Misungwi kuaga.

Mwanao,
Rebeka